Gego la Nguruwe: Msimu Wangu wa Kwanza Oldupai

Siku ya nne tangu tufike korongo la Oldupai, Ngorongoro, niliokota jino. Lilikuwa mteremkoni, nusu yake imezama kwenye udongo, jeusi lenye kung'aa, urefu wake unakaribia kidole changu cha shahada. Nikalichokonoa kwa ufunguo wa sanduku langu, likagoma kidogo, nikalizungusha, likatoka. Nikalifuta kwa ncha ya khanga, nikalitia mfukoni, nikashika njia ya kambini huku moyo unanidunda kwa furaha. Nilipofika nililiosha kwa maji na mswaki mpaka likatakata. Ndipo nikaenda kulionyesha.

Kwa muda usiozidi saa moja nilikuwa nimefanya makosa matatu, na hakuna hata moja linalorekebishika. Naandika haya kwa ajili ya wanafunzi watakaopata nafasi kama yangu, na kwa yeyote anayepita makorongoni akakutana na mfupa uliogeuka jiwe.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea akiolojia. Nyumbani Tanga walijua tu kwamba nasomea "historia". Mama aliposikia naenda kuchimba Ngorongoro aliuliza kama ni dhahabu au tanzanite. Nikamwambia ni mifupa.

"Mifupa ya nani?" akauliza.

Nikamjibu haraka haraka: ya binadamu wa kale. Ndivyo nilivyoamini. Kichwani mwangu Oldupai ilikuwa fuvu moja tu, lile la Zinjanthropus ambalo mtafiti Mary Leakey aliliona tarehe 17 Julai 1959, na ambalo kila mtoto wa shule Tanzania amelichora daftarini. Nilikwenda nikitafuta ndugu wa Zinj. Sikujua kwamba kwa kila kipande cha binadamu kilichowahi kutoka kwenye korongo lile, yametoka mamia kwa maelfu ya vipande vya swala, nguruwe, viboko, farasi, tembo na panya.

Maandalizi yangu yalikuwa mabaya, na niseme wazi yalinigharimu. Chuo kililipia usafiri na chakula, mengine yakawa juu yangu. Niliacha kazi ya likizo ya kuuza dukani, maana yake nilianza muhula uliofuata nikiwa na deni kwa shangazi. Buti nilinunua mtumba kwa shilingi 25,000, nzuri kwa macho, na soli ya mguu wa kulia ilibanduka siku ya tatu. Nikaifunga kwa kamba msimu mzima. Kosa kubwa zaidi lilikuwa nguo. Mtu wa pwani akisikia nyika kavu yenye vumbi, anafikiria joto. Oldupai ipo juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai upepo unaoteremka kutoka milima ya Ngorongoro unaingia hemani kama haupo ukuta. Usiku wa kwanza nilivaa kila kitu nilichokuwa nacho na bado nikatetemeka mpaka alfajiri. Wekezeni kwenye buti na sweta kabla ya kitu kingine chochote. Kofia pana, kitambaa cha kufunika pua na mdomo, miwani ya kuzuia vumbi. Vumbi la pale lina majivu ya volkano ndani yake, ni laini kama unga, linachoma macho, na kikohozi chake nilirudi nacho hadi nyumbani.

Vibali havikunihusu moja kwa moja, kwa kuwa mwanafunzi huingia chini ya kibali cha kiongozi wa utafiti. Lakini fahamuni mlolongo wake: kibali cha utafiti kutoka COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), leseni ya uchimbaji kutoka upande wa mambo ya kale, na ruhusa ya kuingia hifadhini Ngorongoro. Hakuna jembe linalogusa ardhi kabla hivyo havijakamilika.

Ukisimama ukingoni, pale yalipo makumbusho, unaona nguzo ya udongo mwekundu imesimama peke yake katikati ya bonde. Huo wekundu ni Tabaka la Tatu. Chini yake kuna la Pili, chini zaidi la Kwanza, na sakafuni kabisa mwamba mweusi wa volkano. Yamepangika kama khanga sandukuni, ya chini ndiyo iliyotangulia kuwekwa. Hans Reck, Mjerumani aliyekuja na msafara mwaka 1913, ndiye aliyeanza kuyapa namba matabaka hayo, na tunazitumia hadi leo. Miaka miwili kabla yake alipita daktari, Wilhelm Kattwinkel, akaokota mifupa na kuipeleka Berlin, miongoni mwake meno ya farasi wa kale wa vidole vitatu. Hata jina lenyewe lilikwenda na makosa: Wamaasai wanasema oldupai, mkonge pori unaoota kila mahali pale, Wajerumani wakasikia Olduvai.

Kitu kilichonigusa siku ya kwanza ni ramani. Maeneo ya uchimbaji yana majina ya herufi mbili tatu, FLK, MNK, na nilidhani ni mambo ya kitaalamu kutoka ng'ambo. Ile K ya mwisho ni "korongo". FLK ni Frida Leakey Korongo, ambako Zinj alipatikana. Neno la Kiswahili limo kwenye vitabu vya sayansi duniani kote na sikuwa nalijua. Nilijisikia nina haki ya kuwa pale. Labda nilijisikia hivyo kupita kiasi, kwa sababu siku tatu baadaye nilitia mkono pasipostahili.

Msimamizi wetu wa uchimbaji alikuwa mzee aliyefanya kazi makorongoni tangu ujana wake. Sote tulimwita Fundi. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kukunja, anachekecha mchele wa jioni kwa macho yaleyale anayotumia kuchekechea udongo.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini?"

Nikafungua kiganja. Akaliangalia bila kuligusa.

"Gego la nguruwe. La mwisho kabisa nyuma. Zuri sana," akasema. Halafu: "Umelitoa wapi?"

"Kule mteremkoni, Fundi."

"Kule wapi?"

Nikanyoosha mkono. Akasimama, akachukua fimbo yake, akasema twende ukanionyeshe. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

Tulitembea mteremko ule mpaka giza likaanza kuingia. Nilikumbuka kulikuwa na kichaka cha mkonge pori. Kila hatua kumi pana kichaka cha mkonge pori. Nilikumbuka jiwe jeupe. Mteremko mzima una mawe meupe. Nilitafuta alama za buti langu lenye kamba, upepo ulikwisha kuzifuta. Nilisimama mahali nikasema ni hapa, nikasogea mita thelathini nikasema hapana, ni hapa. Fundi hakusema kitu. Mara ya tatu nilipobadilisha mahali nilianza kulia.

Alinikalisha chini akanieleza, na maelezo yake nimeyabeba tangu siku ile.

Mteremko ule unakatiza mpaka wa Tabaka la Kwanza na la Pili. Jino lililo juu ya udongo linaweza kuwa limeporomoka kutoka juu au limechomoza papo hapo, na tofauti kati ya hayo mawili ni mamia ya maelfu ya miaka. Kama ningeliacha, wangeangalia liko chini ya safu gani ya majivu, wangepima, wangepiga picha. Hata baada ya kuling'oa palikuwa na nafasi ya mwisho: udongo ulioganda kwenye mizizi yake. Ule udongo ndio ungesema limetoka tabaka lipi.

"Na udongo uko wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeusafisha wote kwa mswaki.

Nguruwe wana jambo lao la pekee. Magego yao ya mwisho yalibadilika haraka kadiri walivyozidi kula majani ya nyika: yalirefuka, yakapanda juu, yakaongeza vinundu nyuma. Ukiwa na gego na unajua limetoka wapi, unaweza kukisia umri wa tabaka usilolijua kwingine. Huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana nchini Kenya, tabaka moja la majivu lilipimwa likapewa miaka milioni 2.6, na wanasayansi wakabishana kwa miaka mingi. Nguruwe walikataa. Meno yao yalifanana na ya nguruwe wa umri mdogo zaidi kule Omo, Ethiopia. Vipimo viliporudiwa, tabaka lile likatulia kwenye takriban milioni 1.9. Yaani mimi nilitia saa mfukoni, nikaing'oa mishale.

Adhabu haikuwepo kwa jina, ila kesho yake nilipangiwa chekeche. Wiki mbili. Kila ndoo ya udongo inayotoka shimoni ina namba ya mraba na kina chake, inamwagwa kwenye wavu, unatikisa, unabaki na kokoto na unazipitia moja moja kwa vidole. Simama ukiupa upepo mgongo, vinginevyo utakula ndoo nzima. Usichanganye ndoo mbili hata kama zimetoka mraba mmoja. Na usikimbie. Siku mbili za mwanzo nilitupa vitu ambavyo Fundi alikwenda kuviokota kwenye rundo la taka na kunirudishia kimya kimya: taya la panya lisilozidi ukucha, pingili ya uti wa mgongo wa samaki, kipande cha gamba la yai la mbuni. Nilikuwa nikitafuta mifupa mikubwa, nikawa nakanyaga ile inayosema habari za mahali. Samaki na mamba wanakuambia palikuwa na maji. Panya wanakuambia palikuwa na nyasi au vichaka, kwa kuwa panya hahami mbali na nyumbani kwake. Hapo katikati ya korongo kavu palikuwa na ziwa la magadi, na vijito vya maji baridi vilivyoteremka kutoka milima ya volkano.

Jioni nilianza kusoma, safari hii kwa kiu. Nikakutana na wanyama ambao hakuna aliyewahi kunisimulia. Pelorovis, jamaa ya ng'ombe, mwenye pembe zilizofika kama mita mbili ncha hadi ncha. Katika eneo la BK, Tabaka la Pili, akina Leakey walikuta mabaki ya kundi lake kwenye udongo wa mfinyanzi. Deinotherium, aliyeonekana kama tembo ila pembe zake zilitoka taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Sivatherium, jamaa ya twiga, shingo fupi, mwili mzito, pembe pana. Kiboko gorgops, ambaye macho yake yalipanda juu ya fuvu kiasi cha kuchungulia nje ya maji huku mwili wote umezama. Nyani mkubwa mla majani ambaye ndugu yake amebaki milima ya Ethiopia pekee. Nilikaa na taa yangu hemani nikawaza, hawa wote walikunywa maji hapa, na mimi nilikulia nchi hii miaka ishirini na moja nikiwajua simba na tembo wa leo tu.

Nilisoma pia habari ya mifupa ya binadamu ambayo Reck aliikuta mwaka 1913 ndani ya Tabaka la Pili. Mifupa kamili, mtu aliyekunjwa. Alisema ni wa kale kama tabaka lenyewe, na Louis Leakey, mume wa Mary, alipofika mwaka 1931 akakubaliana naye. Ilichukua miaka kadhaa ya mabishano hadi ikabainika kwamba yule mtu alizikwa: watu wa baadaye sana walichimba kaburi lililoshuka hadi kwenye udongo wa zamani. Umri wake ni takriban miaka 17,000, si mamia ya maelfu. Nilijifariji kidogo. Kama wao walisumbuka hivyo wakati mifupa imo ndani ya ardhi, na mahali panajulikana, mimi nilitegemea nini na jino la mfukoni?

Na Mary Leakey? Siku ile ya 1959 Louis alikuwa mgonjwa kambini, yeye akatembea FLK, akaona kipande cha fuvu kimechomoza na meno yake. Akakimbia kumwita mumewe. Lakini hawakukichomoa. Walikizungushia mawe kukikinga, wakamsubiri mpiga picha afike ndipo uchimbaji uanze, ingawa walikuwa wamehangaika kwenye korongo lile kwa miaka mingi. Fuvu lilitoka vipande zaidi ya 400. Kila mfupa wa mnyama na kila jiwe lililochongwa pale liliwekwa kwenye ramani. Kwa sababu hiyo, watafiti wa miaka ya 1980 waliirudia ile mifupa ya swala na kuona mikwaruzo ya visu vya mawe kando ya alama za meno ya fisi, na tukaanza kuelewa nani alikula nini, na nani alitangulia.

Wiki ya nne Fundi aliniita shimoni. Mraba wangu ulikuwa na taya la swala, upande wa kushoto, limelala kwenye udongo wa kijivu uliokaza. Aliniachia kijiti cha mwanzi kilichochongwa, brashi ndogo ya rangi, na pampu ya mpira ya kupuliza.

"Usichimbe mfupa," akaniambia. "Chimba udongo. Mfupa mwachie akae."

Ilinichukua siku mbili na nusu. Unalala kifudifudi, kifua juu ya gunia, unaondoa udongo punje kwa punje kutoka juu kwenda pembeni, kamwe si chini yake, maana ukimtoboa chini atavunjika kwa uzito wake mwenyewe. Mfupa una rangi ya chai ya maziwa, jino ni jeusi kama kahawa. Kwenye jino la tatu palikuwa na ufa mwembamba. Kila nilipopumua karibu nalo niliogopa. Asubuhi ya pili subira ilinishinda. Udongo ulikuwa mgumu, nikachukua sindano ya chuma. Ikateleza. Mstari mweupe, nusu sentimita, ukingoni mwa taya.

Ningeweza kukaa kimya, hakuna aliyeona. Nilimwita Fundi. Akachukua daftari langu akaniamrisha niandike: mkwaruzo mpya, sindano ya chuma, tarehe, saa, jina langu, na picha. Kwa sababu miaka ishirini baadaye mtu atauweka mfupa huu chini ya darubini akitafuta alama za visu vya kale, na mstari wangu utamdanganya. Kosa lililoandikwa halimpotezi mtu. Tumieni mwanzi, na mkichoka tokeni shimoni mkanywe maji. Mikwaruzo karibu yote niliyoiona msimu ule ilitokea saa moja kabla ya chakula cha mchana.

Na kwa ndugu zangu ambao hamtaenda na chuo chochote, mnaochunga au kulima au kutembea tu: mfupa mzito kuliko unavyotazamia, unaolia kama kigae ukigongana na jiwe, huenda ni kisukuku. Uacheni pale pale. Pigeni picha kwa simu, moja karibu na kitu cha kuonyesha ukubwa, nyingine kwa mbali ili mlima au mti uonekane. Washeni ramani ya simu mhifadhi mahali. Panga mawe kuuzunguka. Kisha toeni taarifa kwa watu wa mambo ya kale au makumbusho. Kuuchukua ni kosa kisheria. Sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mkiuchukua mnabaki na jiwe lenye sura ya mfupa.

Siku ya mwisho tulitandika plastiki juu ya shimo, tukajaza udongo ili mvua na ng'ombe wasiliharibu. Nikasaidia kufunga visanduku. Gego langu lilipewa kisanduku chake, na lebo niliijaza mwenyewe kwa mkono wangu: nguruwe, gego la tatu, chini, kushoto. Mahali: hapajulikani. Aliyeokota: jina langu.

Wakati wa kulifunga kwenye karatasi laini niliona jambo ambalo furaha ya siku ile ilinificha. Pembe moja ya mzizi ilikuwa imevunjika, na mvunjiko ulikuwa mpya, wa rangi hafifu. Kipande kama punje ya mahindi. Kilibaki ardhini nilipolizungusha kwa ufunguo. Nilimwonyesha Fundi, akakaa kimya, kisha akasema kwa hiyo mahali bado papo. Tulirudi mteremkoni mchana ule tukachekecha ndoo kumi na moja, gari likapiga honi, tukaondoka.

Mwaka uliofuata nilipopata nafasi ya kurudi, safari hii na buti jipya, nilishusha begi langu, nikamwamkia Fundi, nikachukua bendera ndogo na chekeche. Hakuniuliza naenda wapi. Alichukua fimbo yake tukateremka pamoja, tukaanza na kichaka cha kwanza cha mkonge pori upande wa mashariki, tukichekecha mpaka jua likazama. Tumefikia kichaka cha tisa.